Meli Iliyopimwa kwa Mikono Minne

Wenzangu mnaochonga meli ndogo, popote mlipo, kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Nimesoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wangu alikuwa akisema kwamba herufi zangu zinatembea kama watu waliotoka kwenye karamu mbalimbali wakakutana njiani. Kazi yangu ni kupiga chapa marobota ya katani ghalani, kwa hiyo herufi ninazozijua vizuri ni zile za kwenye bati la chapa. Zilizobaki hunibidi nifikiri kwanza. Makosa mtayaona. Nami najua yapo, ila sijui yako wapi. Maandishi haya yamenichukua siku kumi na moja, kidogo kidogo kila nikitoka kazini, na mkiona mahali wino umebadilika rangi, hapo ndipo wino wa dukani uliponiishia nikatumia ule wa marobota. Haufutiki, kwa hiyo msijaribu.

Sisi hapa Tanga tuko wanne. Wa kwanza ni fundi cherehani wa Barabara ya Tisa, mtu mwembamba mwenye vidole kama njiti za kiberiti na ulimi mrefu kuliko futi yake ya kupimia. Baraza yake ndiyo mahali petu pa kukutania. Wa pili tunamwita Baharia. Huyu alitia makaa melini tangu wakati wa vita, na akikupa mkono, wako unapotea ndani ya wake mpaka atakapoamua kuurudisha. Wa tatu ni karani wa ofisi moja ya bandarini, Mshambaa wa kule Lushoto, Mlutheri, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, ambaye hajawahi kuingia baharini hata kufikia magoti. Wa nne ni mimi. Naishi Mabawa, na sisemi sana.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye baraza ile, nilikuwa nimeficha meli yangu ndani ya mfuko wa sukari. Nilikaa tangu adhuhuri mpaka alasiri bila kuitoa. Fundi alidhani nimeleta nguo.

"Bwana mdogo," akasema, "suruali hiyo ina siri gani, mbona unaikumbatia hivyo?"

Nikaitoa meli. Akaigeuza huku na huku, akaipeleka mwangani.

"Hii haina haja ya kupunguzwa," akasema, akaiweka juu ya cherehani. Hivyo ndivyo nilivyokubaliwa.

Kwa wale wanaotaka kuanza, nitasema vitu tunavyotumia na mahali tunapovipata. Mti wetu ni ule mlingoti wa mkonge, unaochomoza katikati ya mmea ukishazeeka. Huku kwetu mkonge ni mwingi na milingoti yake hakuna anayeililia. Ukiukausha juani wiki mbili, unakuwa mwepesi kama boflo, na kisu kinapita bila ugomvi. Ubaya wake ni kwamba ndani ni laini mno. Ukibonyeza kidole kidogo tu, umeshatoboa dirisha ambalo hukulipanga. Meli zetu nyingi zina madirisha ya namna hiyo.

Madirisha tuliyoyapanga ni vifungo vya shati. Hivi hutoka kwa fundi, na nadhani ndiyo sababu wateja wake wengi huchukua shati likiwa na kifungo kimoja pungufu. Wakiuliza, huwaambia ndiyo mtindo wa sasa. Kamba ni nyuzi za katani, nami huziokota ghalani kwa ruhusa ya msimamizi, ambaye anaamini nazifumia kofia. Dohani, yaani lile bomba la moshi, ni kopo la hamira. Gundi ni ile ya maseremala ya kuchemsha, na harufu yake ilimfanya mke wa fundi atuhamishie kwanza uani, kisha barabarani. Rangi ipo kwa Mhindi mmoja karibu na soko. Msimwambie ni ya meli ndogo, maana atawaita wanawe wote waje kuwatazama. Semeni ni ya mlango. Mimi nilishindwa kusema lolote, nikaonyesha kidole, nikapewa rangi ya waridi. Meli yangu ya pili ilikuwa ya waridi.

Kuhusu meli za kutazama, Tanga ina neema na ina tabu. Meli kubwa hazifiki ukingoni. Hutia nanga katikati, na matishari ndiyo yanayobeba mizigo kupeleka na kurudisha. Basi sisi wa nchi kavu tunaziona kwa mbali tu. Chombo pekee tulichoweza kuingia ndani kilikuwa tishari bovu la mbao lililolala matopeni kule Kigombe. Baharia alisema tukitaka kuyajua mataruma, yaani mbavu za chombo, twende tukayaone pale. Tulikwenda kwa basi la asubuhi, na vyakula vyetu kwenye kikapu. Ndani ya tishari alikuwa anaishi beberu mmoja wa mbuzi, na beberu yule hakupenda wageni. Karani alipata nafasi ya kuhesabu mataruma saba. Kisha akayahesabu tena akiwa anakimbia, akapata kumi na manne. Kikapu kilibaki kule. Mpaka leo hatujui idadi ya kweli, na beberu ndiye aliyekula mihogo yetu.

Kwa sababu hiyo mimi nilikuwa na hamu moja, na hamu hiyo sikuwahi kumwambia mtu: kukanyaga meli ya kweli. Kila siku nikiwa ghalani nazitazama. Najua rangi za dohani zao zote. Lakini kule juu, kwenye sitaha, kuna nini? Milango inafungukia wapi? Ngazi zinapanda kutoka upande gani? Nilikuwa nachonga kama mtu anayechora sura ya mtu aliyempa kisogo. Nilitaka nipande mara moja tu, hata kwa robo saa, nitazame na kuandika, kisha nisiombe tena kitu.

Jumamosi moja karani akafika barazani anahema.

"Mmeiona ile meli iliyoondoka jana kwenda Mombasa? Kuna afisa wake mmoja, Mzungu, anakusanya meli ndogo. Chumbani kwake zimejaa. Nimezungumza naye. Amesema mtu akimletea meli kama ile yake, ndogo, atampandisha aitazame yote, juu mpaka chini."

"Amesema kwa lugha gani?" fundi akauliza.

"Kwa Kiingereza."

"Nawe ulielewa?"

"Nilielewa sehemu kubwa."

"Na ile sehemu ndogo ilisemaje? Isije ikawa ndiyo iliyosema hapana."

"Wewe shona," karani akasema. "Inarudi baada ya wiki tatu."

Moyo wangu ulipiga mpaka nikashika kifua ili wasisikie. Lakini papo hapo ukazuka ugomvi. Fundi alitaka kuichonga yeye, kwa sababu mkono wake ni mwepesi. Baharia alisema yeye ndiye aliyewahi kuishi ndani ya meli. Karani alisema afisa ni wake. Mwishowe wakakubaliana waigawe mara tatu. Baharia achonge omo, ambayo ndiyo sehemu ya mbele. Fundi achonge katikati. Karani achonge tezi, huko nyuma. Mimi nichore ramani, kisha nitengeneze dohani, milingoti na mashua za kuokolea.

Ramani niliichora nikiwa ghalani, meli nyingine ya namna ileile ikiwa mbele yangu, na niliichora vizuri, nasema bila aibu. Vipimo nikaviandika kwa shubiri. Msinicheke. Kwetu, kitu cha mkono hupimwa kwa mkono, kuanzia mkeka mpaka kitanda. Fundi alikuwa na futi, ila hakutaka iguse gundi. Karani alikuwa na rula, ila alisema ni mali ya serikali. Basi nikatandaza mkono wangu juu ya meza, nikaandika: omo, urefu shubiri moja na nusu, katikati, shubiri mbili, tezi, shubiri moja na nusu. Upana, nusu shubiri kotekote. Nikawagawia kila mmoja karatasi yake.

Fundi akaiangalia yake, akaitia chini ya mkasi. Karani akaikunja mara nne. Baharia akanyoosha mkono kupokea, na karatasi yangu yote ikapotea chini ya kiganja chake.

Pale pale nikajua.

Nilifungua mdomo. Baharia akanitazama kwa upole, akingoja. Nikasema, "Jua kali leo." Akasema, "Kali kweli." Nikaenda nyumbani.

Juma lile nilikwenda kwake mara tatu. Njiani nilikuwa najifunza maneno: "Baharia, shubiri yako na yangu si sawa." Maneno saba tu. Mara ya kwanza nilimkuta anakula, akanikaribisha, nikala, nikaondoka. Mara ya pili nilifika mpaka "Baharia, shubiri yako," kisha nikamalizia, "ni nzuri." Akautazama mkono wake, akafurahi. Mara ya tatu alikuwa ameshachonga, na akaniambia, "Nimeipa shubiri kamili, bwana mdogo, sikuiba hata ukucha." Nikajiliwaza kwamba mlingoti wa mkonge husinyaa ukikauka. Haukusinyaa.

Ikafika Jumamosi ya kuunganisha. Meli ilikuwa inatazamiwa Jumatatu. Baharia aliibeba omo yake begani. Fundi alitoa katikati yake kutoka kwenye droo ya cherehani. Karani alifungua gazeti, akaitoa tezi iliyopigwa msasa mpaka inang'aa. Tukaziweka mkekani, moja nyuma ya nyingine.

Muuza kahawa aliyekuwa anapita alisimama, akainama, akainuka.

"Mnachonga siafu?" akauliza.

Kweli ilikuwa siafu. Kichwa kikubwa mbele, kiuno chembamba katikati, na kitako cha kadiri nyuma. Haikukosa kitu ila miguu.

"Baharia," fundi akasema polepole, "mimi nilikwambia uchonge omo. Hukuambiwa uchonge nyati."

"Yangu ni nusu shubiri. Tazama." Baharia akatandaza mkono wake juu ya omo, na nusu ya shubiri yake ikalingana barabara.

"Na yangu pia nusu shubiri." Fundi akatandaza vidole vyake vyembamba juu ya katikati, na nusu ya shubiri yake ikalingana barabara.

Karani akapima tezi yake, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nusu shubiri."

Basi wote watatu walikuwa wamefanya kazi safi bila kosa. Wakageuka wakanitazama mimi.

"Shubiri ya nani hii kwenye karatasi?" karani akauliza.

Nikatandaza mkono wangu. Haukulingana na chochote.

"Uliijua habari hii?" fundi akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema jua kali."

Fundi alikaa chini, akafunika uso kwa suruali ya mteja, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, na karani naye akaanza, na muuza kahawa akaweka birika chini kabisa ili acheke vizuri. Baharia peke yake hakucheka. Aliitazama omo yake, kisha akasema, "Lakini ni omo nzuri." Na ilikuwa nzuri kweli.

Kuchonga nyingine hakukuwezekana, siku zilikuwa zimekwisha. Mimi niliona meli yangu inaondoka Jumatatu bila mimi, nami nikiipungia mkono kutoka ghalani kama kawaida. Fundi ndiye aliyefikiri. Akasema kwamba mwanamke mwembamba akishonewa gauni la marinda, nani atajua kiuno chake? Meli nazo hufunikwa turubai. Basi nasi tuifunike kiuno turubai, afisa aone omo na tezi, na katikati aamini tu.

Tukaziunganisha zile sehemu kwa vigingi na gundi, nikasimamisha dohani na milingoti, na fundi akashona turubai la kaki. Alipoanza kushona hakuweza kujizuia. Akatia marinda. Akatia pindo. Nyuma akatia vifungo vinne. Nilipotaka kusema kwamba meli haivai mkanda, alikuwa ameshatia mkanda.

Jumatatu tuliibeba juu ya sinia, tumeifunika kawa kubwa. Tulishuka kuelekea bandarini sote wanne katika mstari, Baharia akiwa mbele na sinia kichwani, na watu wakawa wanauliza, "Harusi ya nani?" Fundi akamjibu kila mmoja, "Ya afisa." Tulipofika ngazi za gati tulikuwa na akina mama wawili nyuma yetu waliotaka kujua bibi harusi ni nani.

Afisa alishuka kutoka kwenye motaboti, mtu mrefu, uso mwekundu, kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini. Karani alikuwa amejifunza hotuba ya Kiingereza kwa wiki tatu. Alisogea mbele, akavua kofia, akasema, "Bwana." Hotuba ikaishia hapo. Midomo iliendelea kucheza ila sauti ilikuwa imekwenda.

Baharia akashusha sinia, akaondoa kawa.

Afisa aliitazama meli. Akazunguka upande wa pili, akaitazama. Akashika pindo la turubai kwa vidole viwili, kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake, akainua. Akashusha. Akainua tena.

"Nani natengeneza hii?" akauliza kwa Kiswahili chake.

Vidole vitatu vikanielekea mimi. Tangu niwajue, hapo ndipo walipokubaliana jambo bila mabishano.

Sijui nilipata wapi sauti. Nadhani ni kwa sababu niliiona ile motaboti nyuma yake, inangoja, na nyuma ya motaboti niliiona meli. Nikasema, "Ramani ni yangu, bwana. Mikono ni yao." Hakuelewa. Basi nikaushika mkono wa Baharia nikauweka juu ya omo. Nikaushika wa fundi nikauweka katikati. Nikaushika wa karani nikauweka juu ya tezi. Kisha nikatoa ramani mfukoni, nikatandaza wangu juu yake.

Afisa alitazama mkono mmoja mmoja. Kisha uso wake uliokuwa mwekundu ukawa mwekundu zaidi, akakaa juu ya rundo la kamba, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kila akiacha, anamwona Baharia bado amesimama na mkono wake juu ya omo kama askari, anaanza upya.

"Kule juu mimi iko na meli saba," akasema akifuta macho. "Yote sawasawa. Kama hii, hapana. Hii moja tu." Akaichukua na sinia lake. "Boti narudi sasa. Mtu moja tu. Nusu saa."

Mtu mmoja. Tukatazamana. Karani aliyatazama maji yaliyokuwa yanapiga ngazi, akarudi hatua mbili, akasema ana kazi ofisini. Fundi akasema ana suruali ya watu inayotakiwa jioni, ingawa hakuwa nayo. Tukabaki Baharia na mimi. Najua yeye pia alitaka, kwa sababu alikuwa amevaa viatu.

"Baharia, nenda wewe," nikasema. Na nilisema kweli.

Akafikiri. "Mimi miaka yangu yote melini nilikuwa chini," akasema. "Nilipanda usiku, nikatelemka usiku. Nikipanda leo, miguu itanipeleka chini yenyewe, kwenye makaa. Nenda wewe ukatazame juu, uje utueleze."

Basi wakanipa maagizo kwa haraka, wote kwa pamoja. Fundi: tazama kamba za bendera zinavyofungwa. Karani: hesabu mashua za kuokolea, pande zote mbili, usihesabu mbiombio kama mimi. Baharia: tazama ule mlango wa kutelemkia kwetu, unafungukia upande gani. "Na usikae," fundi akaongeza, motaboti ikiwa imeshaanza kunguruma. "Usikae, usile, pima tu!"

Nilipanda ngazi ya meli nimeshika kamba kwa mikono miwili na penseli kwa meno. Nikaweka mguu kwenye sitaha. Afisa akanionyesha vidole, maana yake nusu saa, akaenda chumbani kwake na meli yetu. Nikabaki peke yangu. Nilitoa karatasi. Nilikuwa nimeandika tu "Sitaha" juu yake, mlango wa karibu ukafunguka, akatoka mzee mwenye aproni na mwiko mkononi.

Nikasema, "Shikamoo."

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Marahaba! Marahaba mwanangu! Kumbe mtu wa kwetu! Watoka wapi?"

"Hapa hapa Tanga, mzee. Mabawa."

"Mabawa! Mke wangu wa Moa, jirani zenu! Ingia, ingia, usisimame juani kama mlingoti."

"Mzee, nimekuja kutaza..."

"Utatazama ukishakula. Mtu wa Tanga apande meli yangu ashuke na njaa? Watasema nini Moa?"

Ninyi mliolelewa pwani mnajua. Mzee wa umri wa baba yako, ameshaita mwanangu, ameshafuta kiti kwa aproni yake. Nilikaa. Akaweka mbele yangu sahani ya wali na samaki wa kukaanga, akakaa mkabala, akaniuliza habari za Tanga zote. Mvua zimenyesha? Barabara ya kwenda Moa inapitika? Ule mkate wa ufuta bado unauzwa karibu na soko? Nilijibu kwa mdomo uliojaa. Ukutani, juu ya kichwa chake, kulikuwa na saa iliyopigiliwa misumari, nami nikaziona dakika zinaondoka moja moja, na kila moja ilipoondoka aliniongezea mwiko.

Kwa kuwa sikuweza kuinuka, niliandika nilichokiona. Jiko la chuma, upana wake dhiraa mbili. Juu ya jiko vyuma vya kuzuia masufuria yasiteleze bahari ikichafuka. Vikombe vimetundikwa kwenye ndoano, thelathini na kimoja. Visu vimechomekwa ubaoni, kila kimoja na tundu lake. Ndoo ya maganda imefungwa kamba mguuni. Mlango umekatwa mara mbili, nusu ya juu inafunguka peke yake na nusu ya chini peke yake. Mzee aliona naandika, akafurahi, akanifungulia mpaka kabati la chumvi.

Ikatoka chai. Ikatoka boflo lenye siagi. Nje mtu akaita, "Boti! Boti ya gati!"

Niliruka. "Mzee, niruhusu nikatazame upande wa pili, mara moja tu!"

"Upande wa pili ni kama huu," akasema, akinitia maboflo mawili mikononi, "ila hakuna chakula."

Nilitelemka ngazi kwa viwiko. Nilipoinua macho niliona mashua moja ya kuokolea, kwa chini, tumbo lake tu. Likawa limepita.

Gatini walikuwa wanangoja wote watatu, na karani alikuwa amesahau kwamba ana kazi.

"Haya!" fundi akaanza kabla sijakanyaga ngazi. "Kamba za bendera?"

"Sikuziona."

"Mashua ngapi?" karani akauliza, kalamu tayari.

"Moja. Nusu yake."

"Mlango wetu?" Baharia akauliza taratibu.

Nikatikisa kichwa. Fundi akayatazama yale maboflo, akautazama mdomo wangu, akausogelea akanusa.

"Samaki," akawatangazia. "Tumempeleka achunguze meli, amechunguza samaki! Nilimwambia asile! Nilipiga kelele gati zima likasikia!"

"Alikuwa mzee," nikasema. "Mkewe wa Moa."

Fundi akachukua boflo moja, akaligawa vipande, maana mzee hakataliwi. Tukakaa juu ya kamba tukala, nami nikawasomea karatasi yangu. Nilipofika kwenye vyuma vya jiko, Baharia akanisimamisha.

"Rudia hapo. Masufuria yanazuiliwa yasimwagike?"

"Kwa vyuma, pande zote nne."

"Miaka yote ile," akasema, "mchuzi ulitufikia kule chini nusu sufuria, wakatuambia ni mawimbi." Akatafuna kipande chake. "Kumbe mawimbi yalikuwa na mwiko."

Tangu siku ile tumeanza meli mpya. Tumeanzia jikoni, kwa kuwa ndiyo sehemu tunayoijua. Jiko letu liko ndani ya kisanduku cha sabuni, na nawahakikishieni hakuna jiko la meli ndogo lililo sahihi kama lile pwani hii yote. Vikombe thelathini na kimoja vipo. Fundi amevitengeneza kwa mbegu za mpapai. Ndoo imefungwa kamba. Mlango unafunguka mara mbili. Baharia huja kila Jumamosi kuinama na kuutazama. Lakini kulizunguka jiko hilo hatuna meli, tuna hewa tupu, na ile meli ya afisa siku hizi haipiti tena Tanga.

Kwa hiyo nawaomba, wenzangu wa Pangani, wa Bagamoyo, wa Dar es Salaam, wa Mombasa, na popote ambapo meli husogea mpaka ukingoni: niandikieni. Ukiwa umewahi kupanda meli ya moshi, hata kwa kupotea njia, niambie ulichokiona. Mashua za kuokolea ni ngapi? Kamba za bendera zinafungwa wapi? Ule mlango wa watia makaa unafungukia upande gani? Hili la mwisho naliuliza kwa niaba ya mtu. Nitajibu kila barua, mniwie radhi tu nikichelewa, kwani naandika polepole. Na kama wewe ni mpishi wa meli, barua yako nitaipokea kwa heshima zote, ila kabla hujaiandika, tafadhali toka nje kidogo utazame upande wa pili.